Wakati Haubomoi Nyumba

Kuna neno moja limenichosha, nalo ni "wakati". Nimelikuta mara kumi na tisa katika karatasi nane nilizoletewa nizifasiri, na kila nilipolikuta lilikuwa limekalishwa mahali pa jina la mtu. Wakati umeiinamisha nyumba hii. Wakati umelinyamazisha ghala hili. Wakati umewachukua waliokaa hapa. Mimi nasema kwamba wakati haujapata kubomoa nyumba hata moja tangu dunia iumbwe, na makala haya nayaandika ili nieleze kwa nini neno hilo nilikataa kulifasiri.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana wetu mmoja wa hapa kisiwani, ambaye kwa miaka mingi sasa anaishi Saskatchewan, katika mbuga kuu za nyasi za Kanada, ameshikwa na mapenzi ya kupiga picha. Siku zake za mapumziko hupanda gari akazunguka njia za changarawe zipitazo baina ya mashamba, mbali na barabara kuu, akitafuta majengo ya kale: nyumba za mbao zisizo na watu, mabanda ya farasi, makanisa madogo, skuli za chumba kimoja, na yale maghala marefu ya nafaka yasimamayo kando ya reli. Jengo akilipenda hulirudia majira yote manne ya mwaka. Amechagua picha 40, na nia yake ni kuzitoa kitabu kwa Kiswahili ili nasi wa pwani tuione nchi anayoishi. Aliniomba mambo mawili: nifasiri maelezo yaliyo chini ya picha, na kila picha niitungie ubeti.

Nilimwandikia kwamba sitafasiri mpaka ayaandike upya. Akanijibu kwa upole, kama ilivyo adabu yake: "Ami, picha inajisemea." Khabari ilipofika barazani, wengi walisimama upande wake. Wakasema mzee amezidisha ukali, kwamba uzuri haudaiwi risiti, na kwamba mgeni wa nchi ya watu hana haki ya kuwauliza wenyewe kwa nini nyumba zao zimekufa. Nimeyasikiliza hayo yote. Sasa nao wanisikilize.

Nianze kwa haki yake. Picha ni nzuri, na aliyezipiga ametoka jasho, au tuseme amehimili baridi, maana nyingine amezipiga siku ambazo pumzi huganda kwenye ndevu. Iko nyumba moja ya orofa mbili, rangi imekwisha kuambuka, mbao zimekuwa za kijivu. Katika picha ya kwanza ni machipuko, theluji imeyeyuka, na dimbwi lililo mbele ya mlango linaionesha nyumba kichwa chini. Katika ya pili ni mwezi wa Julai, kanola imechanua, na nyumba imezama katika bahari ya manjano. Katika ya tatu mavuno yamekwisha, mabua yamebaki yakielekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Katika ya nne kuna theluji tupu, na nyumba ni doa moja juu ya karatasi nyeupe. Asiyeguswa na picha hizi nne moyo wake ni wa jiwe, nami wangu si wa jiwe.

Lakini hapo ndipo ulipo mtego. Picha nne za majira manne zikipangwa pamoja zinatufundisha jambo bila ya kulitamka: kwamba nyumba imekufa kama jani linavyokufa. Jani huchipua, hukoma, hukauka, huanguka, na hakuna wa kulaumiwa. Msomaji akifunga kitabu anashusha pumzi na kusema, ndiyo dunia. Mimi namwambia arudi kwenye picha ya pili, aitazame ile kanola. Kanola haijipandi. Shamba linalimwa, tena limelimwa mpaka hatua chache kutoka kwenye kizingiti cha mlango. Ardhi haikuachwa hata siku moja. Waliotoka ni watu. Na majira, msomaji wangu, yana sifa moja ambayo watu wale hawakupewa: majira hurudi.

Lugha yetu inalijua jambo hili vizuri kuliko tunavyoijua sisi lugha yetu. Kiswahili kina maneno mawili kwa pahali pa namna hii. La kwanza ni "gofu", nalo linataja ukuta: ukuta uliobaki, uliopoteza paa. La pili ni "mahame", nalo linataja watu, kwa kuwa ndani yake kimo kitenzi cha kuhama. Huwezi kutamka mahame bila ya kumwita aliyehama. Na kitenzi hicho hakikuishia hapo. Kina ndugu yake aitwaye kuhamishwa. Mfasiri aliyeletewa picha ya nyumba tupu hana budi kuuliza: hawa walihama, au walihamishwa? Akijibiwa "ni wakati", amejibiwa kwa neno lisilo na mikono wala miguu.

Basi tuulize, maana majibu yapo, na si ya siri.

Mwaka 1872 serikali ya Kanada ilitunga sheria ya ardhi iliyompa mlowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10, kwa sharti akae, ajenge nyumba, na alime sehemu ya ardhi ile katika muda wa miaka mitatu. Wapimaji walikwisha kuanza kuichora mbuga kwa miraba: kila mraba mmoja maili moja kwa maili moja, umegawika robo nne za ekari 160, na baina ya miraba pameachwa vipande vyembamba vya ardhi kwa ajili ya njia. Njia hizo ndizo anazopita kijana wetu. Ndiyo maana zimenyooka hivyo, kana kwamba aliyezichora hakuona mlima wala mto, na kwa kweli wengi waliozichora walikuwa mezani.

Ikaja reli, na kando ya reli yakajengwa maghala ya nafaka, kila baada ya maili chache, kwa sababu mkulima alikuwa akipeleka ngano yake kwa gari la farasi na ilimpasa aweze kwenda na kurudi siku ile ile. Maghala hayo yalijengwa kwa mbao zilizolazwa moja juu ya nyengine na kupigiwa misumari, urefu wake kama minara, na ubavuni yakaandikwa jina la mji. Katika miaka ya 1930 yalikuwa zaidi ya 5,700 katika majimbo matatu ya Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Leo yale ya mbao yaliyobaki ni mia chache tu. Kila ghala lilikuwa na mji wake, na mji ulikuwa na duka, posta, skuli na kanisa. Ghala likiondoka, hayo yote hukosa sababu ya kuwapo.

Je, ni wakati ulioyaondoa? Mwaka 1897 serikali ilifanya mkataba na kampuni ya reli: kampuni ipewe fedha za kujenga njia kupita katika kipenyo cha milima kiitwacho Crowsnest, na badala yake nauli ya kusafirishia nafaka ishushwe, na ibakie chini daima. Wakulima waliijenga nchi nzima juu ya neno hilo "daima". Mwaka 1983 Bunge likapitisha sheria ya kuiondoa nauli ile na kuweka ruzuku badala yake, na mwaka 1995 hata ruzuku ikafutwa. Reli ndogo za matawi, zilizokuwa zimeanza kufungwa kabla ya hapo, zikang'olewa moja baada ya moja. Kampuni za nafaka zikajenga vituo vikubwa vya zege, vichache na vya mbali, ambavyo huhitaji lori badala ya gari la farasi. Yale maghala ya mbao hayakuanguka kwa uzee. Mengi yalisukumwa na mashine ya kubomolea asubuhi moja, watu wa mji wamesimama pembeni wakitazama.

Pana na ukame, nao siukatai. Miaka ya 1930 mvua iligoma, upepo ukaipeperusha ardhi iliyolimwa mpaka mchana ukawa kama magharibi, na maelfu ya watu wakaondoka kusini mwa Saskatchewan. Atakayesema kwamba hilo lilikuwa la Mungu atakuwa amesema kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba John Palliser, aliyeongoza msafara wa uchunguzi baina ya mwaka 1857 na 1860, alikwisha kuieleza sehemu ile kuwa kavu mno kwa kilimo. Walowezi waliitwa na kupelekwa huko baadaye, kwa matangazo yaliyowaahidi neema. Na ngano yao ilipoteza bei katika masoko ya dunia katika miaka ile ile ambayo mvua ilikosekana. Mbingu zilifanya kazi yake. Matangazo na masoko nayo yalifanya yake.

Mwaka 1936 Saskatchewan ilikuwa na mashamba zaidi ya 142,000. Katika hesabu ya mwaka 2021 yalibaki kama 34,000, na ardhi inayopandwa haikupungua. Yaani pale palipokuwa na familia nne leo kuna moja, yenye mashine kubwa na deni kubwa. Nyumba tatu zilizobaki ndizo zinazoingia katika picha. Hii ndiyo maana ya "wakati" katika zile karatasi nane: ni bei, ni nauli, ni sheria, ni mkopo, vyote vimevishwa kanzu moja nyeupe ili visitambulikane.

Wala sikumaliza. Kwani nyumba zile zilizohamwa zenyewe zilijengwa juu ya mahame mengine, ya kwanza, ambayo hayana hata ubao mmoja wa kupigiwa picha. Kabla ya sheria ile kuwafikisha walowezi, wenyeji wa mbuga, Wakrii na Wasolto na Wanakoda na wengineo, walikuwa wakiishi kwa nyati wa nchi ile, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1880 nyati hao walikuwa wamekwisha kwa kuuawa. Mikataba ilitiwa saini Fort Qu'Appelle mwaka 1874 na Fort Carlton mwaka 1876, na baada ya hapo watu wakawekwa katika vipande vya ardhi vilivyotengwa. Baada ya vita vya mwaka 1885 wakatakiwa wawe na cheti cha ruhusa hata kutoka katika vipande hivyo. Msomaji wa pwani hahitaji kufasiriwa neno kama hilo la cheti.

Na walikuwapo Wametisi, watu waliozaliwa kwa mchanganyiko wa wenyeji na wafanya biashara wa Kizungu, wenye lugha yao na desturi yao. Baada ya kushindwa Batoche mwaka ule wa 1885, wengi wao walikosa ardhi, wakajenga vibanda katika vile vipande vyembamba vilivyoachwa baina ya miraba kwa ajili ya njia. Wakaitwa kwa jina hilo hilo, watu wa vipande vya njia. Nakuomba, kijana wangu, usimamishe gari hapo. Ile changarawe iliyo chini ya magurudumu yako, unapokwenda kuitafuta nyumba nzuri ya mlowezi, huenda ilikuwa sakafu ya mtu. Katika Manitoba palikuwa na kijiji cha Wametisi kiitwacho Ste. Madeleine. Mnamo mwaka 1938 na 1939 kilivunjwa na nyumba zikachomwa moto, ili ardhi iwe malisho ya ng'ombe chini ya mpango wa serikali wa kuziokoa mbuga na ukame. Ulio wazi ni moto, na moto una aliyeuwasha. Iwapo sanaa yetu inafuata majengo yaliyobaki tu, basi tunamlilia yule aliyebahatika kuacha ukuta, na yule aliyechomewa hata ukuta hatumwoni.

Sasa nawajibu watu wa baraza, hoja kwa hoja.

Hoja ya kwanza: picha inajisemea. Lau picha ingejisemea, kijana wetu asingeandika karatasi nane. Ameandika kwa kuwa alijua picha imenyamaza, na katika ule unyamavu akatia neno rahisi kuliko yote. Shida yangu naye si kwamba ametia maneno. Ni kwamba maneno yenyewe ni ya uvivu, na uvivu huo umeisaliti kazi yake ngumu ya kamera. Mtu anayesubiri saa tatu katika baridi ili mwanga ukae sawa juu ya dirisha, anashindwaje kusubiri saa moja ndani ya ofisi yenye joto ili apate jina la aliyelitia kioo dirisha hilo?

Maana jina linapatikana. Hapa ndipo miraba ile ya wapimaji inapotufaa. Kila robo ya ardhi ina namba yake: robo gani, kipande cha ngapi, mtaa wa ngapi, safu ya ngapi, magharibi ya mstari upi. Namba hiyo inaliongoza jalada la mlowezi, na majalada ya Saskatchewan yamehifadhiwa katika nyaraka za jimbo, hutafutwa kwa jina au kwa mahali. Ndani yake aghalabu utakuta kiapo cha mtu akiomba hati yake: amekuja lini, ana watoto wangapi, amelima ekari ngapi mwaka wa kwanza na wa pili, ana ng'ombe wangapi, nyumba yake ina futi ngapi kwa ngapi na thamani yake dola ngapi. Hayo ndiyo maelezo ya picha. Yameandikwa tayari, na mwenyewe, chini ya kiapo. Pengine utamkuta ameweka alama ya msalaba badala ya sahihi kwa kuwa hakujua kuandika. Niletee hayo, nami nitayafasiri usiku na mchana bila ya ujira.

Hoja ya pili: hii ni sanaa, na wewe unataka historia. Wapo waliokwisha kuliamua suala hili kabla yetu, katika mbuga zile zile, upande wa Marekani. Mwaka 1886, katika wilaya ya Custer, jimbo la Nebraska, mtu aitwaye Solomon Butcher alianza kuzunguka kwa gari la farasi na kamera yake ya vioo, akiwapiga picha walowezi mbele ya nyumba zao za udongo, zilizojengwa kwa mapande ya ardhi yaliyokatwa pamoja na majani yake. Hakupiga nyumba peke yake. Alitaka wenyewe watoke, na vyao vyote: farasi, meza, matikiti. Kuna mama mmoja aliyeionea haya nyumba yake ya udongo. Akataka kinanda kitolewe uani, familia isimame pembeni yake, na nyumba isionekane. Kuna familia ya Jerry Shores, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, iliyopigwa mwaka 1887 mbele ya nyumba yao wenyewe. Ukiitazama picha ile huhitaji kuambiwa kuwa nyumba ina thamani. Unaiona thamani yake katika jinsi wanavyokaa.

Butcher alikusanya pia maneno yao, visa vya kila familia, ili atoe kitabu. Mwaka 1899 nyumba yake iliungua. Vile vioo vya picha vilisalimika, kwa kuwa alikuwa ameviweka ghalani; visa alivyoviandika viliteketea. Hapo, watu wa baraza, fikirini. Picha zote zimebaki mikononi mwake. Angeweza kusema: Alhamdulillahi, picha zinajisemea. Hakusema hivyo. Alianza tena kuyakusanya maneno, na mwaka 1901 kitabu cha historia ya wilaya ile kikatoka. Sisemi kwamba alikuwa mkamilifu. Aliandika kwa upande wa walowezi, na Wapawnee waliokwisha kuondolewa Nebraska katika miaka ya 1870 hawakupata kwake haki yao. Lakini alijua kwamba picha bila ya jina ni nusu ya kazi.

Baada yake alikuja Wright Morris, mzaliwa wa Nebraska, ambaye alikuwa mwandishi na mpiga picha kwa pamoja. Yeye alifanya kinyume: aliwaacha watu nje ya picha kwa makusudi, akapiga nyumba, milango, viti vitupu. Je, si huyo ndiye babu wa kijana wetu? Ndiye, lakini tazama alivyofanya. Mwaka 1946 alitoa kitabu ambacho kila picha imekabiliana na ukurasa wa maneno, sauti za watu wakisema. Na kitabu hicho chenye nyumba tupu alikiita The Inhabitants, yaani Wakaazi. Hakukiita Wakati. Mwaka 1948 akafuatiliza kingine, riwaya, chenye picha za shamba la ami yake huko Nebraska. Kiti alichokipiga picha alimjua aliyekikalia. Huyo basi hakuipunguzia picha heshima yake kwa kuipa neno, aliipa jirani.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo aliitoa mwenzangu mmoja ambaye namheshimu kwa elimu yake. Alisema: wewe ni mtu wa mashairi, huwezi kuukana Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alisimama mbele ya majumba ya Pate yaliyohamwa, akawaonesha watu taa zilizozimika na vyumba vilivyoingiwa na popo na wadudu, na hakuitaja siasa wala biashara. Aliilaumu dunia. Basi kama malenga mkuu wa pwani ameilaumu dunia, kwa nini kijana asiulaumu wakati?

Nililala na hoja hii siku mbili. Jawabu langu ni kwamba utenzi ule unafanya jambo ambalo zile karatasi nane hazifanyi. Unataja. Unaita watu wa Pate, masharifu na mabwana na jamaa za mshairi mwenyewe, unauliza wako wapi, kwa majina yao. Mshairi haombolezi kuta; anawaombolezea watu wake, naye yu miongoni mwao, na anausemesha moyo wake mwenyewe kabla ya kumsemesha mtu mwengine. Fundisho lake ni la dini: jihadhari, na wewe utakwenda walikokwenda. Yule asomaye hatoki ameburudika, hutoka ameogopa. Picha ya "wakati" hufanya kinyume. Humwacha mtazamaji salama, nje ya fremu, akiisifu rangi ya mbao. Kwa hiyo nasema Al-Inkishafi ni shahidi wangu, wala si wake. Ukitaka kulia mbele ya mahame kama alivyolia yule, kwanza lipe moyo wako jina la mtu mmoja.

Hoja ya nne: mgeni hana haki ya kuuliza. Hii naikataa moja kwa moja. Mgeni amepewa haki ya kutazama, na anayetazama ana wajibu wa kuuliza. Seuze sisi, ambao tunajua uchungu wa kutazamwa bila ya kuulizwa. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu hapo, hata kabla yake, hapana mlango uliochakaa wala ukuta uliomeguka ambao haukupigwa picha na mpita njia. Na chini ya picha hizo huandikwa neno lile lile. Beit el Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa miongoni mwa majengo yaliyopigwa picha mno katika pwani yote. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa kazi ya ukarabati, na watu wawili walipoteza maisha yao. Nani siku hiyo alithubutu kusema barazani kwamba ni wakati tu? Hakuna. Sote tuliuliza nani, vipi, na tangu lini. Basi masuala tuliyoyadai kwa jengo letu tusiyanyime majengo ya wenzetu, ati kwa sababu yao yako mbali na yamefunikwa na theluji.

Wala sitaki nieleweke kwamba nachukia njia za changarawe na watu wanaozunguka humo. Kinyume chake. Maghala mengi ya mbao leo hayapo popote isipokuwa katika picha za watu kama kijana wetu. Pale wenyeji walipoamka mapema wameweza kuokoa: huko Inglis, Manitoba, safu ya maghala matano imehifadhiwa kuwa mahali pa historia ya taifa. Yeyote anayepoteza petroli na siku yake ya mapumziko kwenda kulitazama jengo ambalo hakuna anayelitazama amefanya ibada ya namna yake. Ninachodai ni kwamba asiishie uani. Apige hodi. Wa kuitikia hayumo ndani, lakini jina lake limo ndani ya jalada, na jirani wa maili mbili huenda bado anamkumbuka mwanawe.

Kwa hiyo picha zako 40, mwanangu, nakurudishia. Kwa kila moja nataka mambo matatu tu: nani alikaa, nani alikaa kabla yake, na nini kiliwatoa. Pale ambapo jalada limepotea na jirani amekufa, andika kwamba umetafuta na hukupata. Hilo nalo ni neno la heshima, na nitalifasiri. Ila "wakati" usinirudishie tena. Na ili usiseme kwamba ami yako ana ulimi tu na hana mkono, ubeti ulionitaka wa picha ya kwanza ni huu, ile ya nyumba kichwa chini katika dimbwi:

Wakati hauna nyundo, ya nyumba kuibomoa,
Wala haufungi fundo, watu ukawaondoa,
Yaliandikwa matendo, kwa mihuri ya kung'oa,
Jina ukilitamka, picha itajikomboa.

Beti 39 zilizobaki zinangoja majina.